Uzembe wa mmoja mtandaoni ni maafa ya wengi

Kila wadukuzi wanapovamia mitambo ya tarakilishi, kilio chetu huwa ni kimoja: wahalifu wasakwe, washtakiwe na wafungwe. Sina ugomvi na kilio hicho. Hata hivyo, nashikilia kwamba tumemsahau mshiriki mwingine katika maovu haya, naye ni yule aliyeacha mlango wazi.

Tarakilishi iliyounganishwa na nyingine si jambo la mwenyewe peke yake. Ni sawa na chumba katika nyumba ya kupanga yenye lango moja. Mpangaji mmoja akiliacha lango bila komeo, mwizi hataishia chumbani mwake.

Tuyatazame yaliyowafika Waingereza. Mnamo Machi 14, 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa katika programu yake ya Windows. Mei 12 mwaka uo huo, kirusi kwa jina WannaCry kilipenya katika ufa huo, kikafunga faili na kudai fidia ya dola 300 kwa kila tarakilishi. Hakikungoja mtu afungue barua. Kilijisambaza chenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma zilivurugwa, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ikafutwa. Baadhi ya taasisi hizo hazikuwa zimeambukizwa hata kidogo; zilizima mitambo yao kwa tahadhari tu. Na onyo lilikuwa limekwisha kutolewa, Machi na tena Aprili.

Wako watakaosema kwamba wa kulaumiwa ni makarani, ambao huandika neno la siri kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza. Naam, wapo, na yafaa wafunzwe. Lakini karani haamui ni lini mashine zitafanyiwa marekebisho. Mwenye uamuzi huo ni mkuu anayeushika mkoba, ambaye huona fahari kuzindua tarakilishi mpya mbele ya wapiga picha, kisha asitenge hata senti moja ya kuzitunza.

Wengine watadai kwamba hakuna haja ya kushurutishana, kwani kila mtu atalinda chake kwa kuogopa hasara. La hasha! Mwaka wa 2016, kirusi cha Mirai kiliziteka kamera za ulinzi na vifaa vingine vingi ambavyo wenyewe hawakubadilisha maneno ya siri yaliyotoka kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo, vifaa hivyo viliielemea kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Kamera ziliendelea kupiga picha kama kawaida; waliodhurika ni watu wengine kabisa. Asiyeumia kwa uzembe wake hatauacha kwa hiari.

Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2018 inayomwadhibu mdukuzi, na ile ya mwaka 2019 inayomtaka kila anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo. Ya kwanza huizungumzia kila mtu. Ya pili ndiyo ninayotaka ipewe makali, hasa kwa kuwa Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Hospitali, shule au ofisi ya kaunti ambayo ingali inaitumia programu hiyo bila kinga nyingine inauacha ufa wazi kila siku.

Najua fedha ni haba. Lakini kubadilisha neno la siri hakugharimu chochote, na mashine iliyozeeka yaweza kutengwa na mtandao wenye rekodi za wagonjwa. Kila ofisi ya umma na imtaje kwa cheo mtu mmoja anayewajibika kwa kazi hiyo, na wakaguzi wa hesabu wamhoji kila mwaka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na katika mtandao, ukuta huo huwaangukia majirani kwanza.