Kabla ya kupanga harusi Shela, tazameni mwezi

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu harusi za ufukweni imesifu mchanga wa Shela, hapa Lamu, bila kutaja maji. Mwezi unapoandama na unapopevuka huwa ni bamvua, yaani maji hujaa kupita kawaida, na huku kwetu bamvua hujaa alasiri, mnamo saa kumi au kumi na moja, saa zilezile wageni wanazopenda kupanga viti ufukweni. Ufuo humezwa, na njia ya pwani ya kutoka mjini huenda isipitike; hapo bora mashua. Chagueni siku za maji mafu, yanapojaa kidogo. Na upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, hung'oa mahema.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa kufikiria harusi. Binti aliongezewa ghorofa juu ya wazazi wake. Nikahi ikasomwa msikitini, kisha bwana akaingia kwa mkewe kukaa fungate. Chumba cha ndani, na zidaka zake ukutani, kilitosha kumpambia bibi harusi, na wanawake wakawa na sitara yao. Leo nawaona wazazi wakikopa kulipia ukumbi, ilhali nyumba ya bibi yao imefungwa kufuli.

Wazazi wenzangu wa Lamu, kabla ya kutoa arbuni, fungueni kwanza nyumba zenu. Na ninyi wageni, waulizeni manahodha tarehe za maji mafu.