Wakati wa Mnunuzi ni Amana

Tukizungumza juu ya haki katika biashara, aghlabu twataja mizani na vipimo. Apunjaye kibaba amedhulumu. Hilo hata mtoto alijua, kwani Sura nzima ya Kurani Tukufu, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wapunjao. Walakini kiko kitu kingine ambacho mnunuzi hukitoa pamoja na fedha zake, nacho hakiandikwi katika daftari lo lote. Kitu hicho ni wakati wake. Fedha iliyozidi hurudishwa. Saa iliyopita hairudi.

Tutazame Tlawi, karibu na mji wa Mbulu, penye ziwa la jina hilo hilo. Wenyeji wa huko ni Wairaqw, watu wa kulima na kufuga. Mama wa nyumba ana ng'ombe wa kukama, shamba la mahindi na maharage, kuni, maji, na watoto. Siku apelekapo mahindi mashineni, hakwenda kupumzika. Akikaa huko tangu saa nne hata saa saba, palizi imelala na chakula cha mchana kimechelewa. Na asipoweza kukaa mwenyewe, humweka mtoto amshikie zamu. Na huenda saa hiyo mtoto alipaswa kuwa shuleni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa huumiza na masomo pia.

Mwenye mashine aweza kujibu, "Mashine yangu ni moja, nifanyeje?" Na tufanye hesabu. Tuseme kila mzigo wasagwa kwa dakika 10, na watu 6 wamefika pamoja saa nne. Wa kwanza hangoji, wa pili angoja dakika 10, wa tatu 20, hata wa sita angoja 50. Ukijumlisha wapata dakika 150, yaani saa mbili na nusu za watu zimepotea. Lau kila mmoja angeambiwa aje dakika 10 baada ya mwenziwe, asingengoja mtu, na mashine ingesaga mizigo ile ile 6 kwa saa ile ile moja. Mwenye mashine hapotezi hata senti! Elimu ya foleni ina wataalamu wake: Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, nchini Denmark, alichapisha mwaka 1909 uchunguzi wake juu ya simu ziingiazo bila mpango. Nasi twaweza kuitumia elimu hiyo kwa kalamu na daftari tu.

Basi yampasa mwenye mashine kufanya mambo matatu. Kwanza, aupokee mzigo, aupime mbele ya mwenyewe, aandike jina na kilo, kisha ampe namba na saa ya kurudi. Pili, akiweza, aweke unga tayari kwa atakaye kubadilisha mahindi yake, kwa kipimo kilichotangazwa wazi. Tatu, atangaze saa za kufungua na kuzishika. Umeme ukikatika, awapigie simu wale aliowapa ahadi, wasije bure.

Mwenye duka naye aandike bei zake, aweke chenji mapema, na sukari na mchele avipime na kuvifunga kabla wateja hawajaja.

Faida ya kumpunguzia mteja safari tumeiona kwa macho yetu. Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, wengi walipeleka fedha nyumbani kwa mkono wa msafiri, au walikwenda posta. Siku hizi mtu hununua umeme wa LUKU kwa simu, naye ameketi nyumbani. Lakini simu peke yake haitoshi: wakala asiyekuwa na fedha za kutosha humrudisha mteja mikono mitupu, na safari ni ile ile.

Hata hivyo, tusichanganye mambo. Kuokoa wakati si kupima kwa pupa, wala si kumfukuza mzee aulizaye bei mara mbili. Haraka haraka haina baraka. Kinachotakiwa ni kupunguza kungoja, si kupunguza uangalifu.

Nanyi vijana mtumwao dukani, mna sehemu yenu. Nendeni na orodha iliyoandikwa, fedha mkononi, na kwa saa mliyopewa; kwani achelewaye zamu yake huwachelewesha walio nyuma yake.

Mfanya biashara atakayeyafuata haya atapata wateja, hapana shaka. Lakini faida iliyo kubwa zaidi haitaingia katika sanduku lake: ni mtoto wa Tlawi aliyeketi darasani saa nne asubuhi, kwa kuwa gunia la mama yake limeshika zamu peke yake.