Kushoto na Kuume

Leo siandiki habari ya mishahara wala ya bei ya unga. Nataka kuwasimulia habari ya shofere mmoja wa Uganda, kwa maana alinichekesha sana, kisha akanipa la kufikiri.

Nilitoka Musienene kwenda Kasese kumtazama shangazi yangu aliyeolewa huko. Nilipita Butembo na Beni hata Kasindi, nikavuka mto Lubiriha kwa miguu, nikatokea Mpondwe. Hapo nikatazama upande niliozoea kuutazama tangu utoto, nikaingia njiani. Gari likaja kutoka upande wa pili, likapiga honi, nikaruka kama mbuzi. Shofere akatoa kichwa dirishani akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Bwana, hapa ni Uganda! Ninyi Wakongo mnaendesha upande mbaya." Nikamjibu: "Upande mbaya ni wenu." Kumbe alikuwa akitafuta abiria wa Kasese. Nikapanda gari lake, na ugomvi wetu ukapanda pamoja nasi.

Njiani kila mmoja alisifu upande wake. Yeye alisema kushoto ndiko kwenye akili. Mimi nikasema mkono wa kuume ndio tunaolia chakula, basi kuume ndiko kwenye heshima. Ndipo mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akauliza kwa Kikonzo: "Hizo pande mlizichagua ninyi?" Nikacheka kabla shofere hajanifasiria. Akashangaa, maana kwa Kiswahili changu alinidhani mtu wa mbali. Nikamwambia mimi ni Mnande. Sisi asubuhi husema "wavukire", wao husema "wabukire". Asante ni "wasingya" ng'ambo zote mbili.

Na mama alisema kweli. Kuume tulipewa na Wabelgiji, kushoto walipewa na Waingereza. Mpaka nao ni vivyo hivyo: mwaka 1910 wazungu walikaa Brussels wakapatana Kongo iishie wapi na Uganda ianzie wapi. Babu zetu hawakuitwa.

Karibu na Kikorongo shofere alinionyesha mahali pa mstari wa Ikweta, ambapo wageni hupiga picha. Nikamwambia mstari huo huo unapita kwetu pia, kati ya Musienene na Lubero, juu ya mashamba, wala hauombwi pasi. Alicheka hata nikaogopa gari litaacha njia.

Ndugu zangu, sisemi sheria ya barabara ivunjwe. Magari lazima yafuate upande mmoja, tusije tukafa. Ninayoikataa ni dharau. Shofere alikiri kwamba kwao kuku akipotea, wa kwanza kushtakiwa ni Mkongo. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikaona haya. Kazini kwetu yuko mchimbaji aliyetoka Bwera. Katika kitabu cha wafanyakazi mimi mwenyewe, karani, nilikuwa nimeandika "mgeni" mbele ya jina lake. Kwa neno hilo moja wenzake walimsukuma nyuma kila siku ya malipo. Naye anashuka shimo lile lile, anameza vumbi lile lile, na mkubwa wa kazi humkata mshahara kama anavyotukata sisi. Wachimbaji wakigawanyika hivyo, nani anafaidika? Si mchimbaji.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni jambo jema. Lakini sahihi ya wakubwa haifuti neno katika kitabu cha karani. Kulifuta ni kazi ya karani mwenyewe. Mimi nimekwisha kulifuta. Wewe mchimbaji, wewe mwenye duka, wewe unayekaa kwenye kizuizi cha Kasindi na kumzungusha mama mwenye nyanya zake, futa la kwako. Tusipofanya hivyo, bendera itakuwa yetu, lakini dharau itabaki ya mkoloni.

Tulipofika Kasese shofere alinishika mkono, akaniambia: "Wasingya, ndugu yangu. Ukivuka barabara, tazama pande zote mbili."

Nami nawaambieni vivyo hivyo.