Kona ya Safari: Mbele Joto, Nyuma Barafu

Januari tulisafiri kutoka Minneapolis hadi Chicago kwa gari-nyumba la mjomba wa mwenzetu. Mbele tulikaa bila makoti, hita ya injini ikivuma. Karibu na Madison, bibi yake akaomba maji ya kutawadha. Tukafungua bomba: kimya.

Kosa lilikuwa letu. Joto la injini huishia kwa dereva. Mabomba yamepita nyuma, chini ya vitanda na sakafu, na upepo wa mwendo huyapoza haraka. Maji yakiganda hutanuka. Barafu ilipoyeyuka, tuliona bomba moja limepasuka. Gharama bado tunachangishana.

Safari ijayo tutawasha hita ya gesi ya nyuma hata tukiwa barabarani, na kuizima kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Milango ya makabati yenye mabomba tutaiacha wazi. Baridi ikiwa kali mno, tutamwaga maji yote kabla ya kuondoka, tubebe madumu ndani.

Siku ile bibi alitawadha kwa chupa zetu za kunywa. Hakulalamika. Sisi ndio tulioona aibu.