Rwanda: Nyumba isiyopoteza maji wala umeme huanzia kwenye ramani

Mvua za vuli zinapoanza mwezi Septemba, wakazi wa miteremko ya Kigali huzipokea kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Maji hushuka kwa kasi kutoka kwenye mapaa ya mabati, hukata vijia na kuchimba misingi ya nyumba zilizo chini. Ifikapo Julai, katikati ya kiangazi, familia hizohizo hubeba madumu kwenda kutafuta maji. Mji unaosumbuliwa na wingi wa maji kwa miezi kadhaa husumbuliwa na uhaba wake katika miezi inayofuata.

Serikali ya Rwanda imelitambua tatizo hilo. Kanuni za ujenzi za mwaka 2019 ziliweka vigezo vya chini vya majengo yanayojali mazingira, vikilenga hasa majengo makubwa, na mamlaka za jiji zimekuwa zikiwahimiza wenye nyumba kuvuna maji ya mvua. Swali linalobaki ni la nyumba ndogo, katika maeneo kama Nyamirambo na Biryogo, ambako wazungumzaji wengi wa Kiswahili wameishi kwa vizazi kadhaa. Je, nyumba ya namna hiyo ni anasa ya wenye fedha?

Maji na umeme ni mambo mawili yasiyotengana nchini humo. Mwaka 2004, Rwanda ilikumbwa na upungufu mkubwa wa umeme baada ya kina cha Ziwa Burera kushuka, na kituo cha Ntaruka kikashindwa kuzalisha kama kawaida. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kukaushwa kwa sehemu ya kinamasi cha Rugezi, kinachohifadhi maji yanayolisha ziwa hilo, kwa ajili ya kilimo. Serikali ililazimika kukodi majenereta ya dizeli, kisha ikachukua hatua za kukirejesha kinamasi katika hali yake. Funzo lake lingali hai: maji yasipozuiliwa pale yanapoangukia, gharama yake huja kulipwa mbali na hapo, hata kwenye bili ya taa.

Kwa upande wa umeme, hali ya hewa ya Kigali humsaidia mjenzi. Jiji liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyumba iliyopangwa vizuri haihitaji kiyoyozi. Kwa kuwa nchi iko karibu na ikweta, jua la asubuhi hupiga kuta za mashariki na la alasiri kuta za magharibi, yote mawili yakiwa chini. Nyumba ndefu inapaswa kuelekezwa mashariki na magharibi, madirisha yake makubwa yakitazama kaskazini na kusini. Upenu mpana huzuia jua na mvua, nao upepo hupita iwapo kila chumba kina matundu pande mbili. Kuta nene za udongo usiochomwa, zinazojulikana huko kwa jina la rukarakara, hupata joto taratibu mchana na kulitoa taratibu usiku. Mengi ya haya hayaongezi hata bati moja kwenye gharama, mradi yaamuliwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Hesabu ya maji ni ngumu zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, likipata mvua ya milimita 40, huteremsha lita 2,400, sawa na madumu 120 ya lita 20. Hata hivyo, familia inayotumia madumu manane kwa siku itamaliza tangi la lita 5,000 kwa muda wa mwezi mmoja tu, ilhali kiangazi huendelea kwa takriban miezi mitatu.

Hapo ndipo bustani inapopata uzito wake. Uwanja wa ukoka wa mita 50 za mraba, ukimwagiliwa lita nne kwa kila mita, hunywa madumu kumi kwa siku, zaidi ya matumizi ya familia nzima. Mimea inayostahimili ukame, miti ya matunda yenye kivuli na matandazo ya majani makavu huifanya ardhi ibaki na unyevu. Maji yaliyofulia nguo, yasiyo na dawa kali, yaweza kumwagwa kwenye mashina ya migomba.

Lakini kuna jambo ambalo mwenye nyumba mmoja hawezi kulimaliza peke yake. Tangi likijaa, maji ya ziada humwendea jirani wa chini. Kuyachimbia shimo la kuyanyonya kwenye mteremko mkali kwaweza kulegeza udongo. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 130, hasa katika Mkoa wa Magharibi, yalionyesha ukali wa maji yanayoteremka bila kizuizi.

Kwa hiyo, kuwahimiza watu kuvuna maji hakutoshi pale ambapo bei ya tangi inazidi uwezo wao, na mpangaji hana sababu ya kulinunua kwa ajili ya nyumba isiyo yake. Vyama vya akiba na mikopo vya Umurenge SACCO, vilivyoenea katika sekta zote za nchi, vyaweza kuwa njia ya mikopo midogo kwa wenye nyumba. Umuganda, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tayari huwakutanisha majirani wa juu na wa chini. Mfereji mmoja unaopita salama kati yao huwafaa wote wawili, na wakati wa kuuchimba ni kiangazi, kabla ya Septemba.