Barazani kwa Mwalimu: Kanzu Nyeupe na Bodi ya Kamera

Mwaka huu barazani pana suali moja tu, nalo limeletwa na binti wa ndugu yangu aliyeko Leicester. Anayo kamera ya filamu, Olympus OM10 aliyoachiwa na baba yake, pamoja na lenzi mbili za Zuiko. Sasa anataka kununua bodi iliyo bora zaidi, hata ikiwa imekwisha tumika, na ananiuliza ipi.

Sababu yake mnaijua, maana mmeiona. Katika kitabu cha mwaka jana tulichapa picha ya marehemu babu yake siku ya Idi. Kanzu imetoka hata mikunjo yake yahisabika, kofia imetoka tundu kwa tundu, na uso ni kivuli kitupu. Hatuna picha nyingine ya siku ile, na Idi iliyofuata mzee hakuifikia.

Mwanangu, mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera haijui kanzu wala uso. Imetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni rangi ya kijivu ya wastani. Ikikuta kanzu nyeupe imejaa, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na uso wetu mweusi ndio unaolipa. Bibi aliyejifunika buibui hupata kinyume chake, akatoka amepauka kama aliyepakwa unga. Marehemu Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio kwetu Unguja mwaka 1930, aliupanga mwanga kwa jicho lake. Ndiyo maana katika picha nyingi za studio za zamani kanzu na uso vyote viwili vinasomeka.

Sasa OM10, iliyotoka 1979, huchagua yenyewe mwendo wa shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka kupitisha mwanga. Huwezi kuiamrisha mpaka upate kile kidude chake cha kuchomeka mbele. Lakini kabla hujatoa pesa fanya hivi: filamu ikiwa ya 400, zungusha kile kigurudumu cha filamu ukiweke kwenye 200. Kamera itadanganyika na kuingiza mwanga mara mbili. Filamu ya negativu huvumilia mwanga ukizidi kidogo, ukipungua haisamehe. Jaribu hilo kwanza, halina gharama.

Ukisha jaribu na bado moyo wako uko dukani, basi baki katika nyumba ile ile ya OM, kwa kuwa lenzi zako zaingia katika bodi zake zote. Anayekushawishi uhamie Nikon au Canon hakwambii kuwa utanunua na lenzi upya.

OM-1 ilitoka 1972 kwa jina la M-1, na hiyo ndiyo ninayotumia mimi. Shata yake huendeshwa na springi, betri ni ya mita tu; betri ikifa, kamera hupiga. Tabu yake ni kwamba ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Wengi wetu hutia zile betri ndogo za vifaa vya masikio pamoja na kipete cha kuzishikilia, na wazee hawakosi kuwa nazo. Kwa kanzu, nyosha kiganja chako katika mwanga ule ule unaomwangukia mzee, soma mita hapo, kisha ongeza hatua moja, kwani kiganja ni cheupe kuliko ile kijivu.

OM-2n ya 1979 hujichagulia mwendo kama yako, ila ina kigurudumu cha kuongeza au kupunguza hatua mbili, na ukitaka kuongoza mwenyewe waweza. Betri zikiisha kioo hukwama juu, basi weka za akiba mfukoni.

OM-4 ya 1983 yapima mahali padogo tu, penye shavu la mzee, na yaweza kukusanya vipimo mpaka 8. Hiyo ndiyo dawa khasa ya ugonjwa wetu. Lakini zile za mwanzo zinakula betri hata zikiwa kabatini. Iliyorekebishwa ni OM-4Ti, na bei yake inatisha. Kwako wewe nasema OM-2n. Pesa itakayobaki mpe fundi.

Naam, fundi. Olympus waliacha kutengeneza jamii hii 2002, na vipuri siku hizi hutolewa katika kamera zilizokufa. Muuzaji akiandika "haijajaribiwa", mimi husoma kuwa ameijaribu ikamkatalia. Fungua mlango wa nyuma, ukiguse kidole kile kisponji cha kuzuia mwanga. Kikinata kama lami, kitabadilishwa, si hoja kubwa. Tazama chumba cha betri kama kina ukungu wa kijani. Chungulia: madoa yaliyo ndani kabisa ya OM-1 aghalabu ni sponji iliyooza juu ya prizima na kuila, na hiyo iache. Halafu weka sekunde 1, bonyeza, uhisabu. Mimi ningelipa zaidi kwa bodi yenye mikwaruzo iliyotoka kwa fundi mwezi uliopita kuliko ile inayong'aa iliyolala sandukuni miaka 30.

Filamu ya kwanza ipige bustanini, uisafishe, uitazame, ndipo uende harusini. Na bibi yako, ambaye hakubali kupigwa picha mbele za watu, mwendee asubuhi anapokunywa chai. Dirisha la jikoni kwake linatazama mashariki. Mkalishe ubavu kwa dirisha, upime shavuni, usimwambie acheke.