Kosa la baraza la kata asilipie mwananchi

Kwa miaka kadhaa sasa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimekuwa zikifuta talaka ambazo wahusika waliamini zimekwisha. Katika mashauri hayo majaji hawakusema kwamba ndoa bado ni hai, wala hawakuwaamuru wawili hao warudi nyumba moja. Kilichoangusha shauri ni karatasi. Hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa haikuwamo kwenye jalada, au ilikuwamo lakini haikukidhi matakwa ya sheria. Hoja hiyo ikikubaliwa, mienendo yote hubatilishwa tangu mahakama ya chini. Talaka inakuwa haikutolewa, mgawanyo wa mali unafutika, na amri ya nani akae na watoto inafutika pamoja nao.

Majaji wanatumia sheria iliyopo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mtu kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Kifungu cha 106 kinataka hati hiyo iambatishwe kwenye maombi, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Kanuni za mwaka huohuo ziliweka hadi fomu yenyewe, ambayo mawakili na makarani wanaijua kama fomu namba 3. Masharti haya yana zaidi ya miaka 50. Hakuna ofisa wa umma anayeweza kudai kwamba yamemkuta hajajiandaa.

Tatizo linaanzia kwenye kata. Sheria inamtaka waziri aanzishe baraza katika kila kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kwa vitendo kazi hiyo imeangukia mabaraza ya kata yaliyo chini ya halmashauri, pamoja na mabaraza ya taasisi za dini. Wajumbe wengi ni wazee wenye heshima zao mtaani, na wanaifanya kazi hii kwa moyo. Wanajua kuzungumza na mume mkaidi au mke aliyechoka kuliko hakimu yeyote. Lakini wengi wao hawajafundishwa kuandaa hati ya kisheria, na zipo kata ambako hata fomu haipatikani.

Kinachotoka huko kinafahamika kwa kila karani wa masjala. Ni barua ya mkono kwenye karatasi ya daftari, mhuri wa mtendaji wa kata umegongwa pembeni, na maelezo ya mistari miwili mitatu kwamba usuluhishi umeshindikana, wahusika waende ngazi ya juu. Haisemi mume aliitwa lini, wala kama alifika. Haitaji wajumbe waliokaa siku hiyo. Pengine imesainiwa na mtendaji, ambaye hakukaa kusikiliza. Mwanamke anaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, anapanda daladala kwenda mahakamani akiamini hatua ya kwanza ameimaliza.

Mahakamani karani anaipokea barua hiyo. Shauri linapewa namba, hakimu anasikiliza mashahidi wa pande zote mbili na kutoa talaka. Aliyeshindwa anakata rufaa kwa sababu ya nyumba, na huko juu ndipo suala la hati linapoibuka, pengine likiibuliwa na jaji mwenyewe. Mwenyekiti wa baraza, karani na hakimu, wote waliishika karatasi ileile kabla ya jaji. Hakuna kati yao anayeulizwa chochote. Anayerudishwa kwenye kata kuanza upya ni mwombaji.

Hasara hii haiishii kwenye nauli na muda. Sheria ya Ndoa inachukulia, hadi ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Mama aliyefungua shauri mtoto akiwa na miaka mitano anaweza kuambiwa aanze upya mtoto akiwa na minane. Dhana iliyomlinda imekwisha muda wake, na mtoto amekaa muda wote huo pasipo amri yoyote yenye nguvu juu ya malezi yake. Kadhalika mali. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinatambuliwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Ushindi huo wa kisheria haumsaidii mwanamke ambaye amri ya mgawanyo imebatilishwa na kiwanja kimeuzwa wakati anatafuta hati nyingine.

Wapo pia wanaozungushwa barazani bila sababu. Kifungu hichohicho cha 101 kimeweka wazi hali ambazo mtu anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja: mwenzake amemtelekeza na hajulikani alipo, anaishi nje ya nchi na hatazamiwi kurudi ndani ya miezi sita, ameitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika, anatumikia kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, inadaiwa ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Hali ya mwisho ina uzito mkubwa kwa mwanamke anayepigwa. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kumkalisha aliyejeruhiwa kwenye benchi moja na aliyemjeruhi, akaambiwa avumilie kwa ajili ya watoto, ni kumweka hatarini kwa jina la usuluhishi. Njia ya kuepuka hilo imeandikwa kwenye sheria. Haitajwi kwa sababu walioko mlangoni hawaijui.

Ujinga huo wa sheria umezalisha tatizo jingine, nalo ni zito kwa Waislamu wa Tanzania Bara. Mume anaandika talaka, anamkabidhi mke au anaituma kwa shehe, na wote wawili wanaamini ndoa imekwisha kwa kila hali. Sheria ya Ndoa inaheshimu talaka ya Kiislamu, ila kwa utaratibu: baraza kwanza lithibitishe kwamba limeshindwa kupatanisha, talaka itolewe baada ya hapo, kisha mahakama itamke kwamba ndoa imevunjika. Pasipo hatua hizo, mwanamke aliyeachwa miaka mingi bado ni mke machoni pa sheria, na hawezi kudai mgawanyo wa mali kama mtalaka. Mume akifariki dunia, wajane wawili wanakutana kwenye shauri la mirathi wakiwa na karatasi zinazopingana. Viongozi wa dini wana wajibu wa kulieleza hili siku talaka inapoandikwa, na wengi wao hawalielezi.

Halafu kuna mabaraza yanayofanya zaidi ya yanavyoruhusiwa. Kazi ya baraza katika shauri la ndoa ni kupatanisha na, likishindwa, kuthibitisha hivyo. Halina mamlaka ya kuvunja ndoa. Hata hivyo zipo kata ambako wajumbe huwagawia wanandoa vitanda, mbuzi na watoto, wakaandikishana, na kila mmoja akaondoka akidhani ameshapata hukumu. Watoto wakigawanywa kwa namna hiyo, hakuna anayeuliza wanachotaka wenyewe, ingawa sheria inataka matakwa ya mtoto mwenye umri wa kujieleza yazingatiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwenda mbali zaidi. Inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana au wameachana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla ya kutengana kwao, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine bila kuathiri masomo yake. Makubaliano ya ofisi ya kata hayawezi kulinda haki hizo. Baba akiacha kutoa ada, mama hana amri ya kupeleka kwenye utekelezaji. Baba naye akinyimwa kumwona mwanawe, hana pa kushika.

Serikali itajibu kwamba msaada wa kisheria upo, na ni kweli upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kuweka msajili wa watoa huduma hiyo, ambayo ni ya bure kwa asiye na uwezo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imefikisha wanasheria mahali ambapo wakili hajawahi kufungua ofisi. Mahakama imeanzisha Temeke kituo jumuishi kinachoshughulikia mirathi na mashauri ya ndoa na familia, na huo ni mfano mzuri. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Asasi kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake zimeifanya kazi hii kwa miongo kadhaa zikitegemea wafadhili.

Lakini msaada huo unamkuta mwananchi akiwa amechelewa. Kampeni inakaa siku chache viwanjani, hema linakunjwa, na mgogoro uliozuka wiki inayofuata hauna wa kuupokea. Wakili wa kujitolea anaingia shauri likiwa tayari limefunguliwa kwa hati mbovu. Makosa yanayoua mashauri haya yanafanyika siku ya kwanza, kwenye ofisi ya kata, na hapo ndipo penye upungufu wa msaada. Msaidizi wa kisheria hana ruhusa ya kumwakilisha mtu mahakamani, na hilo halina ubaya hapa. Kusoma hati, kuangalia tarehe, kuhakikisha wito ulitolewa na majina ya wajumbe yameandikwa ni kazi anayoiweza kikamilifu.

Waziri wa Katiba na Sheria hahitaji sheria mpya kuanza. Ana wasajili wasaidizi wa msaada wa kisheria mikoani na wilayani, na orodha ya wasaidizi waliosajiliwa. Kila baraza lipangiwe msaidizi mmoja kwa jina, siku zake za kuwapo zibandikwe mlangoni, na hati yoyote isitoke kabla hajaipitia. Halmashauri zichapishe fomu namba 3 na kuzisambaza kwa kata zote. Gharama yake haifikii posho ya kikao kimoja cha madiwani. Malalamiko ya wananchi kudaiwa fedha za karatasi na za kuwatafuta wajumbe ni ya siku nyingi, na mkurugenzi wa halmashauri ambaye hajayachunguza amekubali yaendelee.

Mahakama nayo ina sehemu yake. Ukaguzi wa hati ufanyike dirishani, siku ya kupokea maombi, kwa orodha fupi ambayo karani anaisaini kwa jina lake. Hati ikiwa na kasoro, mwombaji aelezwe kwa maandishi kasoro ni ipi na baraza lipi lirekebishe, kabla hajalipia chochote na kabla shahidi hajaitwa. Hakimu aliyelisikiliza shauri hadi mwisho bila kuitazama hati naye aulizwe na mamlaka inayomsimamia, kama anavyoulizwa anayechelewesha hukumu.

Bunge ndilo lenye kazi ngumu zaidi. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mahakama za juu, hata hivyo, zimelichukulia sharti la hati kuwa la msingi, kwa kuwa ndilo linaloipa mahakama uwezo wa kusikiliza ombi la talaka. Kwa hiyo dawa ni kurekebisha kifungu. Mahakama ipewe nguvu ya wazi ya kusimamisha shauri na kuirudisha hati barazani isahihishwe ndani ya muda maalumu, ushahidi uliokwisha kutolewa ubaki ulivyo, na amri za muda za matunzo na malezi ya watoto ziendelee kufanya kazi hadi hati irudi. Ukomo wa miezi sita usihesabiwe dhidi ya mtu aliyecheleweshwa na baraza lenyewe.

Wanaopinga mabadiliko ya namna hii husema talaka isirahisishwe. Hakuna kinachorahisishwa hapa. Wanandoa wataendelea kupita barazani, wataendelea kusikilizwa, na mahakama itaendelea kutaka ithibitishiwe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kinachoondolewa ni adhabu anayopewa mtu kwa kosa la ofisi ya umma ambayo hakuichagua na hana uwezo wa kuifundisha.

Kamati ya Bunge inayohusika na katiba na sheria imwite waziri kabla ya bajeti ijayo na kumtaka taarifa mbili zilizoandikwa: ni kata ngapi zina baraza la usuluhishi wa ndoa lililokamilika kwa idadi ya wajumbe, na ni mashauri mangapi ya talaka yaliyobatilishwa kwa kasoro ya hati katika miaka mitano iliyopita, wilaya kwa wilaya. Wilaya zitakazoongoza zitajwe bungeni, na wakurugenzi wake watoe maelezo.